Haki ya mnunuzi pale bidhaa ya mtandaoni inapotoka na ila

 

Ndugu msomaji, majuma machache kabla ya mwezi wa Ramadhani alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, mara tu baada ya sala ya Alasiri. Ni mjane mwenye watoto wanne, na riziki yake ilikuwa ni kuuza barafu, maji baridi na juisi ya ukwaju karibu na kituo cha daladala. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akafungua simu yake na kunionesha picha ya friza nyeupe. "Shekhe, hii nimeinunua mtandaoni kwa shilingi 680,000," alisema. "Ni pesa ya upatu, zamu yangu ilikuwa imefika. Imefanya kazi siku kumi na nane. Ya kumi na tisa nimeamka, nimekuta barafu yote maji."

Nikamuuliza muuzaji amesemaje. Akanisomea majibu kutoka katika simu ile ile. Kwanza, katika ukurasa wa duka imeandikwa wazi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Pili, hata kwa wateja ambao duka huwahurumia, muda wa kurudisha ni siku saba, nazo zimepita. Tatu, friza ameshaitumia na amejipatia faida kwayo siku zote hizo, sasa anarudishaje kitu alichokwisha kukichuma? Na mwishoni kabisa, kama mtu anayefunga mlango kwa komeo, akaongeza kwamba huenda ni umeme wa mtaani kwao ndio ulioiunguza.

Mama huyu hakuja kuniomba nimpigie simu mfanyabiashara yule. Alikuja na swali ambalo, nakiri, lilinigusa kuliko friza yenyewe. Aliuliza kama atakuwa anamdhulumu muuzaji akimdai, kwa kuwa yale maandishi ya "hairudishwi" aliyaona, na bado akatuma pesa. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo hajamwambia muuzaji: siku ya kuishusha kutoka kwenye kirikuu, vijana wa mtaani waliivunja mpini wa mlango.

Kwa kuwa watu wanaonunua kwa njia hii sasa ni wengi, na majibu ya wauzaji wengi ni yale yale, nimeona tuyatazame majibu hayo moja baada ya jingine kwa mizani ya fikihi, na pia kwa sheria za nchi ambazo kila mmoja wetu yumo chini yake.

Lakini kabla ya hapo lipo swali linalotangulia. Je, kununua kitu usichokiona, kwa kutazama picha tu, kunasihi? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa kuuza kitu maalumu ambacho mmoja wa wawili hakukiona hakusihi. Wanafunzi wa Imam Abu Hanifa wao wameruhusu, wakampa mnunuzi khiyari ya kuona: akifikishiwa kitu na kukitazama, ana haki ya kukubali au kukataa. Hata hivyo, Mashafi hawakuufunga mlango. Wana mkataba wa salam, yaani kuuza kitu kwa sifa zake, kikiwa ni deni juu ya muuzaji, na thamani ikitolewa papo hapo. Tena wao, tofauti na wengine, wanaukubali hata pasipo kuweka muda wa kungojea. Biashara nyingi ya mtandaoni huangukia humo: hununui friza ile iliyo kwenye picha, unanunua friza yenye ujazo fulani, ya kampuni fulani, mpya, ya mwaka fulani. Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilipitisha kuwa mikataba inayofungwa na watu walio mbalimbali kwa maandishi na vyombo vya mawasiliano ni sahihi, lakini likaitenga salam kwa sababu thamani yake hutakiwa kutolewa hapo hapo. Zama hizo pesa ilikuwa ikisafiri kwa hundi na barua. Leo mtu anatuma pesa kwa simu na mwenzake anaipokea kabla hajamaliza kusema "imefika?", na kwa hiyo naona sababu ile ya kuitenga imeondoka kwa sehemu kubwa.

Tofauti hii ina matunda yake. Ukinunua kitu maalumu ulichokiona kisha ikadhihiri ila, haki yako ni kuvunja mauzo na kurudishiwa pesa. Ukinunua kwa sifa ukaletewa kilicho kinyume cha sifa au chenye ila, haki yako ya kwanza ni kuletewa kilicho kizima. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "lete nikubadilishie" si kila mara anakukwepa. Mara nyingine ndiye aliye katika haki na wewe unayeng'ang'ania pesa ndiye uliyekosea.

Na ila ni nini? Neno la Kiarabu ni aib. Kwa bahati mbaya neno hilo lilipohamia katika Kiswahili likabeba maana ya fedheha, tukasema "aibu", na huenda ndiyo maana baadhi ya watu huona haya kurudisha kitu kibovu dukani, kana kwamba wao ndio waliotahayarika. Walimu wetu walilifasiri kwa neno zuri zaidi, "ila". Imam Nawawi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277, katika Minhaj yake ambayo husomeshwa katika darsa nyingi za pwani yetu, ameiweka ila kuwa ni upungufu wa kitu chenyewe au wa thamani yake, unaomkosesha mtu lengo sahihi la kukinunua, ikiwa kwa kawaida vitu vya jinsi hiyo havina upungufu huo. Waturuki wa dola ya Uthmania walipoiandika Majalla yao kati ya 1869 na 1876, yenye vifungu 1,851, walisema takribani hayo hayo: ila ni kile ambacho wafanyabiashara na mafundi wa kitu hicho wanakiona kuwa kinashusha bei. Friza isiyogandisha haihitaji mjadala. Lakini mkwaruzo mdogo ubavuni mwa friza iliyouzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya mkwaruzo huo, na mnunuzi akaambiwa, hiyo si ila ya kudaia.

Tuje sasa kwenye jibu la kwanza, lile la "mali ikishauzwa hairudishwi".

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Abdullah bin Umar (R.A), ambaye alimuuza mtumwa, na hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa zama zile, kwa dirham 800, kwa sharti kuwa hawajibiki na ila yoyote. Baadaye mnunuzi akagundua maradhi. Wakafikishana mbele ya Khalifa Uthman bin Affan (R.A). Ibn Umar akaeleza kuwa aliuza kwa sharti ile. Uthman hakuipokea sharti kama ilivyo. Alimtaka Ibn Umar aape kuwa siku aliyouza hakuwa akiyajua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Yule mtumwa akapona akiwa kwake, akamuuza tena kwa dirham 1,500.

Kutokana na kisa hiki na mfano wake, Mashafi wakasema kuwa sharti ya muuzaji kujitoa katika ila humwokoa katika jambo moja jembamba tu: ila ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Mnyama, kwa sababu anakula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na huwezi kumfungua tumbo ukamtazama. Ama nguo, chombo, nyumba au chakula, sharti hiyo haimwokoi, aijue ila au asiijue. Friza haina roho. Hivyo, maandishi yale ambayo yule mama aliyaona na akatuma pesa hayakuiondoa haki yake ya kurudisha kitu kibovu. Niliposema hivyo, mama alishusha pumzi.

Sheria ya nchi yetu ya kuuza bidhaa ina safari yake. Iliandikwa wakati wa ukoloni kwa kufuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na ya Kenya ni ndugu yake wa mama mmoja. Inasema kuwa bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na muuzaji ambaye hiyo ndiyo biashara yake huhesabiwa kuwa ameahidi ubora unaouzika, hata kama hakutamka. Lakini ndani yake mna tundu: inaruhusu wawili wakubaliane waziwazi kuziondoa ahadi hizo. Waingereza wenyewe walioitunga waliona madhara ya tundu hilo, wakaliziba kwa upande wa walaji kwa sheria za mwaka 1973 na 1977. Kenya nayo katika Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 imeweka kuwa haki za mlaji hazifutwi kwa makubaliano, na kabla ya hapo Katiba yake ya 2010, katika kifungu cha 46, ilikwisha kumpa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Yafaa tuseme ukweli: katika nukta hii, Minhaj iliyoandikwa karne ya saba ya Hijria ilikuwa imemlinda mnunuzi wa chombo kuliko Waingereza wa 1893.

Jibu la pili lilikuwa ni siku saba. Hapa ndipo ninapoona wauzaji wengi, na wanunuzi pia, wamechanganya mambo mawili yasiyochanganyika.

Katika fikihi kuna khiyari zaidi ya moja. Ipo khiyari ya sharti, ambapo wawili wanakubaliana kuwa mnunuzi apewe siku za kufikiri, na katika siku hizo anaweza kurudisha bila kutoa sababu yoyote. Asili yake ni yule sahaba aliyekuwa akidanganywa mara kwa mara sokoni, Mtume (S.A.W) akamfundisha kusema wakati wa kununua kuwa hapana kuhadaana, na katika mapokezi mengine akapewa siku tatu. Mashafi wakaishia hapo kwenye siku tatu; Mahanbali wakaruhusu muda mrefu zaidi mradi ujulikane. Na ipo khiyari ya ila, ambayo haihitaji kuwekewa sharti na wala haihesabiwi siku tangu mauzo. Huanza pale ila inapogunduliwa, hata ikiwa baada ya miezi, ikiwa ila ile ilikuwamo tangu kitu kikiwa mikononi mwa muuzaji.

Mpangilio huo huo utaukuta Ulaya. Mnunuzi wa mtandaoni katika nchi za Umoja wa Ulaya ana siku 14 tangu kupokea bidhaa za kubadilisha nia bila kuulizwa sababu, kwa agizo la mwaka 2011. Lakini bidhaa ikitoka na kasoro, dhamana ya kisheria ni miaka miwili, na hilo ni jambo jingine kabisa. Uingereza vivyo hivyo: siku 14 za kubadilisha nia, na kando yake, kwa sheria ya 2015, siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa pesa yote, na baada ya hizo muuzaji hupewa nafasi ya kutengeneza au kubadilisha, na akishindwa mnunuzi bado ana njia. Kwa hiyo duka linaloandika "siku saba" linaweza kabisa kuweka siku saba za kubadilisha nia, na hiyo ni hisani yake. Haliwezi kuzigeuza siku hizo kuwa kaburi la kila ila itakayodhihiri siku ya nane.

Ama jibu la tatu, kuwa ameitumia na amechuma, hili lina jawabu lililo karibu kufanana na tukio lenyewe. Bibi Aisha (R.A) amesimulia, na Abu Dawud na wengine wakapokea, habari ya mtu aliyenunua mtumwa, akamtumia kwa muda, kisha akaona ila na kumrudisha. Muuzaji akalalamika kwa Mtume (S.A.W) kuwa mtu huyu amekwisha kuchuma kazi ya mtumwa wake. Mtume (S.A.W) akahukumu kuwa chumo ni la yule aliyekuwa akibeba hasara. Maana yake, lau kama mtumwa yule angekufa katika siku zile, hasara ingekuwa ya mnunuzi. Basi na faida ya siku hizo ni yake. Lau friza ya mama ingeibwa siku ya kumi, muuzaji asingemrudishia hata senti. Juisi aliyoiuza siku kumi na nane ni halali yake, na haipunguzwi katika pesa anayodai.

Limebaki lile neno la mwisho kuhusu umeme, na hili, ndugu msomaji, ndilo zito. Maana khiyari ya ila inamhusu mnunuzi pale tu ila ilipokuwapo kabla ya kukabidhiwa. Ikiwa imezaliwa kwake, ni yake. Na wakibishana, kila mmoja akisema lake na yote mawili yakawa yanawezekana? Minhaj inasema atasadikiwa muuzaji kwa kiapo chake. Sikuificha hukumu hii kwa yule mama, kwa sababu si kazi yangu kumpa mtu nusu ya kitabu.

Wenzetu wa Ulaya wameugeuza mzigo huu. Kwao, kasoro ikidhihiri ndani ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa ilikuwamo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo, na Uingereza ndani ya miezi sita. Je, ni kinyume na fikihi? Nionavyo mimi, na mwenye elimu zaidi anisahihishe, wanazuoni wetu walimsadiki muuzaji katika soko ambalo mnunuzi alikuwa akikigeuzageuza kitu mikononi mwake, akimfungua punda kinywa na kuhesabu meno. Mnunuzi wa leo hukabidhiwa sanduku lililofungwa, na kilichomo ndani ya kompresa hakijui yeye wala aliyelileta. Na hata katika Minhaj muuzaji husadikiwa pale tu ambapo yote mawili yanawezekana. Mafundi wakisema ila hii haiwezi kuzaliwa kwa siku kumi na tisa, kiapo cha muuzaji hakina nafasi.

Kwa hiyo tukamwita fundi wa majokofu, mtu mwenye duka lake na asiyejua lolote kuhusu ugomvi huu. Nilimwomba afungue mbele yetu na aseme anachokiona, si anachokidhani. Aliangalia nyuma ya friza kwa dakika chache tu. Bomba la gesi lilikuwa limechomelewa mahali pawili, na uchomeleaji wenyewe ulikuwa umepakwa rangi juu yake. Kompresa ilikuwa na kibandiko cha kampuni nyingine kabisa isiyokuwa ile iliyoandikwa mlangoni. Alipokwangua kona ya chini kwa bisibisi, chini ya weupe ule kulikuwa na rangi nyingine. "Hii siyo mpya, Maalim," akasema. "Hii imepita katika mikono ya watu."

Sasa jambo likabadilika sura. Hapa hatuzungumzii tena ila peke yake bali tadlisi, yaani kuficha ila ili kitu kionekane tofauti na kilivyo. Mfano wake mashuhuri katika hadithi za Bukhari na Muslim ni ngamia au mbuzi aliyefungwa chuchu kwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Mtume (S.A.W) akampa mnunuzi, baada ya kumkama, hiari ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Na ipo ile ya Abu Huraira (R.A) katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W) alipotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Lundo lile kwa juu lilikuwa kavu kama picha ya mtandaoni ilivyo nyeupe.

Tukaenda dukani, mimi, mama na fundi. Kijana mwenye duka, kusema haki yake, si mtu mbaya. Alituonesha kuwa naye alinunua mzigo ule kwa jumla akiambiwa ni mpya. Nilimsadiki. Lakini kutojua kwake hakumpokonyi mama haki. Kunamwondolea dhambi ya udanganyifu tu, na yeye ana haki ile ile juu ya aliyemuuzia. Kisha akasema jambo ambalo nalisikia sana: kwamba yeye ni dalali, anatangaza bidhaa za watu. Nikamuuliza pesa iliingia katika namba ya nani. Akanyamaza. Mwenye kuipokea pesa kwa jina lake ndiye wa kwanza kuulizwa, na huko nyuma yake ana watu wake wa kuwauliza.

Hapo ndipo nilipomgeukia mama, naye akaelewa, akataja mpini uliovunjika. Kijana akaruka kana kwamba ameokotewa fimbo. Lakini fikihi imelipangia hili pia: kitu kikipata ila mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee hivi hivi. Muuzaji akiridhia kukipokea kama kilivyo, basi. Asiporidhia, ama mnunuzi atarudisha pamoja na malipo ya ila mpya, ama atabaki na kitu na kulipwa upungufu wa ile ila ya zamani. Fundi akaulizwa bei ya mpini. Akasema shilingi 15,000 pamoja na kazi. Kijana akafikiri, akaona ni bora friza irudi. Alilipa shilingi 665,000 kwa awamu mbili, ya pili ikichelewa siku tisa.

Nakiri kuwa mambo yalikwenda vizuri kwa sababu moja kubwa, na hiyo haikuwa ufasaha wangu. Mama huyu alimwandikia muuzaji asubuhi ile ile aliyoikuta friza imekufa, na hakuigusa tena. Katika Mashafi kurudisha kwa ajili ya ila ni kwa haraka. Wameeleza mpaka haraka hiyo ni ipi: ukigundua ukiwa katika sala au unakula, maliza kwanza, ukigundua usiku, ngoja kukuche. Na ukiendelea kukitumia baada ya kujua, haki ya kurudisha imeanguka, maana umeonesha kuridhika. Sheria yetu ya kuuza bidhaa nayo inamhesabu mnunuzi kuwa amekubali bidhaa akikaa nayo muda usio wa kawaida bila kutoa taarifa ya kuikataa. Nimewaona watu wanaokaa na simu mbovu miezi mitano, wakiipiga makofi iwake, kisha wanakumbuka haki zao siku inapozima kabisa. Andika ujumbe siku hiyo hiyo, si kupiga simu tu, kwa kuwa maneno ya simu hayana ushahidi. Na aya ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, imehusu kuandikiana. Hifadhi picha ya tangazo pamoja na maelezo yake kabla hayajafutwa, ujumbe wa malipo, na risiti. Duka likikunyima risiti, hilo peke yake ni habari.

Na kama muuzaji asingekubali? Tanzania Bara ipo Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ambayo hupokea malalamiko ya walaji juu ya udanganyifu katika biashara. Ipo pia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inayomtaka auzaye kwa njia ya mtandao ajitambulishe na kueleza bidhaa yake na bei yake kwa ukweli. Zanzibar ilitunga sheria yake ya ushindani na kumlinda mlaji mwaka 2018. Ndugu zetu wa Kenya wana Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja za kwao, na sheria yao ya 2012 inampa mnunuzi wa mtandaoni haki ya kuvunja mkataba pale muuzaji anapoficha maelezo aliyotakiwa kuyatoa. Ugumu uko kwa anayeagiza kutoka ng'ambo, kwa mtu asiye na ofisi wala jina hapa kwetu. Huyo haki anayo lakini hana mlango wa kuubisha, na kwa kitu cha thamani sitamshauri mtu alipe kabla ya kupokea.

Nisije nikadhaniwa kuwa wauzaji tu ndio wenye makosa. Wauza nguo wa mtandaoni wamenilalamikia kuhusu magauni yanayorudishwa siku ya Jumatatu kwa madai ya mshono mbaya, yakiwa yananukia udi wa harusi ya Jumapili. Kuzua ila ni dhulma kama kuificha.

Mama yule amenunua friza nyingine, safari hii ndogo zaidi, na tena kwa mtandao, kwa duka linalokubali kulipwa baada ya kufikisha. Dereva wa kirikuu alipoishusha akataka kuondoka, mama akamwambia asubiri. Akazunguka nyuma na tochi ya simu, akakagua bomba lote tangu juu hadi chini, akapiga picha kibandiko cha kompresa, akalinganisha na kile cha mlangoni. Dereva akamuuliza kama yeye ni fundi. Akamjibu kuwa hapana, yeye ni mwuza barafu, kisha akamtumia pesa.